Printa Iliyomngoja Mwanangu

Nina ng'ombe asiyeonekana. Nikimtaja jina, ndama wote wa nyumba huja kunyonya. Ni nani huyo?

Kitendawili hicho nilimtungia mjukuu wangu Cheptoo tukiwa tunachambua mboga za managu. Alikitegua kabla sijamaliza kukisema. "Kogo, hiyo ni waifai! Na ndama ni simu!" Kogo ndiye nyanya, mama wa baba, kwa lugha yetu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Siku hizi nikikikumbuka sicheki sana, na nitawaeleza kwa nini.

Boma letu liko Kimulot, upande ambao asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau na kulala juu ya majani chai kama maziwa yaliyomwagika. Mimi nakaa nyumba ya juu. Nyumba ya chini aliijenga kitinda mimba wangu, aliyekuwa mwalimu. Anakaa huko mkewe Chepkirui na mtoto wao huyo Cheptoo.

Jina la mwanangu sitaliandika hapa. Si kwamba nimelisahau. Ni kwamba kwetu mtu akizikwa, jina lake tunaliweka kando lipumzike naye. Ukilitaja ovyo ovyo unamwita, na aliyeitwa huja. Pasta hutuambia hayo ni mambo ya zamani. Sisi tunamwitikia amina, na jina hatulitaji.

Pikipiki ilimwangusha kwenye matope, akitoka shuleni. Tulimzika upande wa chini wa nyumba yake, pale mistari ya chai inapoishia. Chepkirui alimvalisha suti ya harusi, akamtia simu yake mfukoni ikiwa imezimwa, kwa sababu alisema hawezi kuiona ikikaa mezani bila mwenyewe. Hakuna aliyemkataza.

Sasa, waifai ya nyumba ile aliiweka yeye mwanangu, na akaipa jina lake kamili. Alikuwa hivyo, mtu wa kupenda kuandika jina lake kwenye kila kitu, hata kwenye jembe. Baada ya mazishi wageni wakawa wanauliza, "Waifai yenu inaitwaje?" Na lazima mtu ataje. Binamu yake mmoja alilisoma kwa sauti kubwa, ugali ukiwa mdomoni, Chepkirui akatoka akaenda kulia nyuma ya jikoni. Kesho yake akalibadilisha. Akaiita waifai Cheptoo, na paswadi mpya. Sote tulishukuru. Hakuna aliyefikiria printa iliyokuwa kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa nilichokifuma mimi.

Cheptoo alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia kidogo tu kucha zake zinakuwa rangi ya zambarau. Tulikuwa tumeandikishwa Nairobi kwa madaktari wanaokuja kupasua watoto bila malipo, na tulikuwa tumengoja mpaka tukazoea kungoja. Basi asubuhi moja ya mvua simu ya Chepkirui ikalia. Mtoto mwingine ameshikwa na homa, nafasi yake imebaki wazi. Gari la hospitali litapita barabara ya lami ya juu jioni hiyo hiyo, likichukua watoto wa pande hizi. Ila kuna fomu za idhini zimetumwa kwa imeili. Zichapishwe, zisainiwe, zipigwe mhuri wa chifu. Bila hizo karatasi mtoto hapandi gari.

"Mama," Chepkirui aliniambia, macho yake yakiwa makubwa, "zisipopatikana leo, watamchukua mwingine."

Chifu si shida, anakaa juu yetu hapo tu. Shida ilikuwa saiba, duka la kuchapishia, iko sokoni ng'ambo, na mto ulikuwa umepanda juu ya daraja tangu usiku. Hata ng'ombe wangu wasingevuka.

"Si kuna printa ya baba Cheptoo?" nikasema.

Tukaifunua. Tukaiwasha. Taa yake ya buluu ikaanza kupepesa, ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Chepkirui akatuma fomu kutoka kwa simu yake. Simu ikamwambia printa haionekani. Akaizima ruta, kile kisanduku cha waifai, akaiwasha. Akaizima printa, akaiwasha. Akaisogeza karibu na ruta mpaka zikagusana kama mbuzi wawili kwenye mvua. Printa haionekani. Na ile taa bado inapepesa.

"Inatafuta," Chepkirui akasema.

"Inatafuta nini?"

"Sijui, Mama. Waifai iko hapa hapa."

Waya wa kuunganisha na kompyuta ulikuwa umeliwa na panya. Na kioo kidogo cha kuandikia kwenye printa kilikuwa kimekufa, kimepigwa na radi ile iliyoua pia redio yangu. Tukampigia Mosoti. Huyu ni Mkisii mwenye duka la kompyuta kule Roret, ndiye aliyemuuzia mwanangu ile printa, na hupenda utani kuliko kula. Chepkirui akaweka simu kwenye spika.

"Habari ya milimani? Mmeamka mkiogelea?"

"Mosoti, acha mchezo leo," nikamwambia, na nikamweleza.

Akaacha mchezo. Akauliza taa ni rangi gani, inapepesa haraka au polepole, ruta ina kitufe cha kuunganisha kwa nyuma. Haina. Kisha akauliza, "Mliwahi kubadilisha ruta?"

"Hapana," Chepkirui akasema. Kisha akaitazama ruta. "Nilibadilisha jina."

"Aa! Basi ndiyo hiyo. Hiyo printa haijui jina jipya. Inatafuta lile la zamani na haisikii lingine. Kama kioo kingekuwa kizima mngeiandikia. Sasa njia ni moja, rudisha jina la kwanza na paswadi ya kwanza, herufi kwa herufi. Itaingia yenyewe."

Chepkirui alinitazama. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Mosoti, hapana," akasema.

"Hapana ya nini? Ama tumia simu yako irushe waifai, lakini hata hiyo lazima uipe jina lile lile."

"Hilo jina hatulitaji."

"Mama Cheptoo, si hata hulitaji, unaliandika tu! Hiyo ni mashine. Haina masikio."

Mosoti ni mtu mzuri, ila si wa kwetu. Kulitaja kwa mdomo ni kuita mara moja na sauti inaisha. Lakini waifai haiishi. Inaita bila kupumua, kupitia ukuta, juu ya chai, mpaka inakoishia, na inakoishia ni kule chini tulikomzika. Chepkirui alijua, na mimi nilijua. Taa ile ilikuwa ikimtafuta yeye, na sisi tulikuwa tumemficha.

Chumbani Cheptoo akakohoa. Kikohozi chake ni kidogo, kama cha paka. Nikaamua.

"Fungua hapo pa kuandika," nikamwambia Chepkirui. "Paswadi ya kwanza andika wewe, jina nipe mimi. Wewe mke usimwite. Mimi ndiye niliyelisikia hilo jina kwanza."

Na ni kweli. Mwanangu alipozaliwa, wanawake walimzunguka wakaita majina ya wazee wetu waliotangulia, moja baada ya lingine, wakingoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo mzee amekubali, amerudi kwake. Chafya ndiyo jibu. Jina hilo alilolijibu ndilo mwanangu alilolitia mwisho kwenye waifai yake.

Shule niliiachia darasa la tano, lakini herufi nazijua. Nilidonoa moja moja kama kuku, Chepkirui amegeuza uso ukutani. Nilipomaliza herufi ya mwisho nikabonyeza pale aliponionyesha. Taa za ruta zikazimika zote, kisha zikarudi moja moja.

Chumbani, Cheptoo akapiga chafya.

Chepkirui akashika mkono wangu mpaka kucha zikaniingia. Nikamwambia ni baridi. Mimi mwenyewe sikuamini niliyoyasema, kwa sababu mtoto yule hakuwa na mafua, na ameshapewa jina lake miaka mingi. Nikaenda mlangoni nikachungulia. Alikuwa amelala, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo.

"Mama, njoo," Chepkirui akaita.

Taa ya buluu ilikuwa imetulia. Printa ikajikohoza ndani, ikazungusha vyuma vyake, kama mzee anayeamka na kutafuta viatu. Tulishangilia kwa sauti ndogo. Mosoti kwenye spika akasema, "Mnaona? Haya, tuma fomu."

Chepkirui akafungua simu ahakikishe. Kuna mahali inaonyesha vitu vyote vilivyoingia kwenye waifai. Printa ilikuwepo. Televisheni ikaingia. Tableti ya zamani ya Cheptoo, ambayo hata hatujui iko kabati gani, ikaingia. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja. Kisha kikaingia kingine chini yao, na Chepkirui akaiweka simu mezani polepole, kama kikombe kilichojaa sana.

Nikasoma. Kilikuwa kimeandikwa, Simu ya, halafu jina lake.

"Mosoti," Chepkirui akasema, na sauti yake haikuwa yake, "kuna simu hapa. Ile tulimzika nayo."

Mosoti akajibu, "Hiyo ni kumbukumbu tu, mama. Ruta hukumbuka waliowahi kuingia. Usiogope."

"Ile tableti ya shule aliyorudisha inaonekana kijivu. Simu ya kaka yake aliyehamia Kericho ni kijivu. Hii ina kitone cha kijani."

"Kijani kabisa?"

"Kijani, Mosoti."

Akaanza kusema kitu, na simu ikakatika. Mvua hukata simu huku kwetu kila mara, siwezi kumlaumu mtu.

Kabla hatujatuma chochote, printa ikavuta karatasi.

Karatasi zilizokuwa ndani zilikuwa chache. Tulikuwa tumezihesabu kwa fomu, na hakukuwa na za kuchezea. Chepkirui akatuma fomu upesi, na kwenye simu yake kukatokea maandishi kwamba printa ina kazi, fomu zake zingoje, kuna aliyetangulia. Na aliyetangulia ameandikwa jina.

Picha ikaanza kutoka, ikitangulia juu. Kwanza kijivu kitupu, ukungu. Halafu ukingo wa bati. Halafu nyumba hii, hii tuliyosimama ndani yake, imeonekana kwa mbali na kutoka chini, katikati ya mashina ya chai, kama mtu amelala kifudifudi ameinua kichwa tu. Kwenye kamba kulikuwa na sweta nyekundu ya Cheptoo. Sweta ile niliianika mimi asubuhi hiyo kabla mvua haijaanza, na nikaisahau.

Nikatazama dirishani. Sweta ilikuwa pale, inadondoka maji. Nyuma yake chai, na nyuma ya chai ukungu tu.

"Anatuona," Chepkirui akasema. Hakuogopa. Hilo ndilo lililoniogopesha mimi. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana aliyeona mtu wake barabarani. "Mama, ametuma picha. Ngoja tuone nyingine."

"Karatasi, Chepkirui."

"Moja tu, Mama. Labda ni sura yake."

Printa ikavuta ya pili. Nikanyoosha mkono nibonyeze kile kitufe chekundu cha kukata kazi, na yeye akauweka wake juu ya kitufe, akanizuia. Hajawahi kunizuia kwa jambo lolote tangu aolewe hapa. Nikaona machozi yanamtoka na yeye hayajui.

"Ukimkata hatarudi tena," akasema.

"Na mtoto asipopanda gari?"

Mkono haukutoka. Nami nikafahamu ya kwamba nikigombana na mke, karatasi zitaisha tukiwa tumeshikana. Wa kuambiwa hakuwa yeye.

Nikageukia dirisha la upande wa chini. Nikamwita mwanangu kwa jina lake, kwa mdomo wangu, kwa sauti ile niliyokuwa nikimwitia akiwa mdogo anachelewesha ndama kurudi. Jina lote. Mate yangu yalikuwa machungu.

"Umesikia umeitwa, umekuja, ahsante," nikasema. "Lakini hatukukuita wewe. Tuliita hii mashine. Cheptoo anaenda Nairobi kutengenezwa moyo. Ukiwa umekuja kumchukua, humpati, mimi mama yako nimekataa. Na ukiwa umekuja kumwona, umemwona. Sasa pisha. Pisha mtoto."

Printa ilikuwa imefika katikati ya karatasi. Ikasimama. Nilisikia maji yakitiririka kwenye mfereji wa bati. Chepkirui aliondoa mkono wake kwenye kitufe, pole pole, bila mimi kumwambia, akajifuta uso kwa leso.

"Baba Cheptoo," akasema, chini kabisa, "tafadhali."

Ile karatasi ikasukumwa nje, nyeupe, haina hata tone la wino. Na nyuma yake, bila kupumzika, fomu ya kwanza ikaanza kutoka, na nembo ya hospitali juu yake.

Zilitoka moja moja. Ile nyeupe tukairudisha ndani, ikatumika. Ukurasa wa mwisho, ule wa sahihi na mhuri, ukakosa karatasi. Printa ikazungusha vyuma vyake bure. Tulitazamana. Chepkirui akaichukua picha, akaigeuza, akaiingiza kwa upande wake mweupe. Ukurasa wa sahihi ukachapika nyuma ya nyumba yetu.

Nilimvika mtoto sweta nyingine, Chepkirui akasaini fomu, akamfunga mtoto mgongoni ingawa ni mkubwa, nikashika mwavuli, tukapanda. Chifu alikuwa anakula. Akanawa, akasoma, akapiga mhuri. Alipogeuza karatasi ya mwisho akashtuka.

"Hii ya nyuma ni nini? Ni nyumba?"

"Ni kwetu," Chepkirui akajibu. "Karatasi ziliisha."

"Nani alipiga picha akiwa amelala kwenye chai na mvua hii?"

"Baba yake," nikasema. Chifu alidhani ni ya zamani, akatikisa kichwa kwa huruma, akaturudishia.

Gari likaja likiwa na taa zimewashwa kwenye ukungu, watoto wengine wawili wamekaa ndani. Nesi alizipokea karatasi, akazipekua, akasema sawa, na Chepkirui akapanda na mtoto. Cheptoo aliniambia kupitia kioo, "Kogo, nikirudi utakuwa na kitendawili kipya?" Nikamwambia ninavyo vingi, mpaka vya kuazima. Gari likapinda, taa zake nyekundu zikamezwa na ukungu.

Ndipo nikakumbuka. Katika haraka ile, Chepkirui hakubadilisha jina. Na mimi najua kuandika pale ninapofunguliwa, kupafungua sijui.

Nilirudi nyumba ya chini. Ruta ilikuwa kwenye rafu, taa zake zimekaa sawa, inaita. Ningeweza kuchomoa waya wa stima, hiyo hata mtoto anajua. Nilishika waya. Kisha nikafikiri, huyu naye ni mzazi. Amepisha, amemwacha mtoto aende. Sasa nimfungie mlango usoni kabla hajajua mwanawe ametokaje kwa madaktari?

Nikauacha. Nikafunga nyumba, nikaenda kukamua, nikalala kwangu. Kama kuna mtu aliyekesha akizunguka nyumba ile, mimi sikwenda kuangalia.

Siku iliyofuata mvua iliisha. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Chepkirui na simu mapajani, jua linaelekea kushuka, wachumaji wa jirani wameshajaza vikapu na kwenda kupimiwa. Simu ikalia.

"Mama." Alikuwa analia, na kwa kwikwi tu nilijua ni kilio gani. "Mama, wamemaliza. Ametoka. Daktari anasema kucha zake ni za waridi. Njoo uone, ni za waridi kabisa!"

Nilimshukuru Mungu kwa Kikipsigis, kwa sababu kwa Kiswahili sina maneno ya kutosha. Tukalia wote wawili mpaka bando yake ikaisha.

Nilipoweka simu chini, printa ilizungusha vyuma vyake. Mara moja, pole pole, kama mtu anayeuliza kitu lakini hataki kusumbua. Hakukuwa na karatasi ndani, na hakuna aliyetuma.

Nikasimama katikati ya sebule, mikono kwenye aproni.

"Ametoka salama," nikamwambia. "Kucha zake ni za waridi. Mama yake yuko naye. Nenda sasa, mwanangu, umechoka."

Nikangoja mpaka vyuma vikatulia. Kisha nikachomoa waya wa ruta.